Kilima cha Elfu Mbili Mia Tisa

Makaa ya mawe yaliingia Jumanne kutoka Songea,
gunia moja la sampuli, mdomo umeshonwa kwa uzi wa katani,
na dereva alidai sahihi kabla sijalifungua.
Nikatia: Athieno, maabara, kiwanda cha saruji, Tororo.
Nje, ule mwamba wetu umesimama vilevile,
haulizwi lolote na mtu.

Jiwe hili lakini nimelipwa kulihoji.

Nasaga. Unga uwe laini kuliko wanja.
Miligramu moja ya weusi, mia mbili za chumvi kavu,
kisha shindilio, kisha kidonge
chembamba kama ukucha wa mtoto,
kijivu, chenye kupenya mwanga.
Mwanga wenyewe siuoni.
Ni ule unaokaa chini ya wekundu,
ambao shavu huujua mbele ya jiko
kabla jicho halijaambiwa.

Unapita. Ndani mle kila kifungo kina mtikisiko wake:
kaboni iliyoshikana mkono na hidrojeni huruka hivi,
ile ya oksijeni huruka vile,
na kila anayecheza hula kipande cha mwanga.
Mimi kazi yangu ni kuhesabu kilicholiwa.
Penye pengo, pana mtu.

Halafu moto, na kila kituo nadokoa chembe.
Digrii mia moja: maji yanaaga, hayana makuu.
Mia tatu: bado limenuna.
Mia nne na ushee, hapo linaachia,
minyororo inakatika, lami inatoka kama jasho,
na kile kilima cha elfu mbili mia tisa na ishirini
kinashuka
kama lundo la mahindi siku ya soko.
Mia sita: tambarare.
Zimebaki pete za kaboni zilizokumbatiana,
zisizotaka kusikia habari ya kuondoka.

Bwana Wandera anasimama mlangoni, kofia ya plastiki kichwani.
"Niandikie nambari moja," anasema. "Tanuri halisomi michoro."
Namwandikia nambari moja.

Shangazi Nyaketcho anauza mkaa kando ya reli.
Yeye huchukua vipande viwili, huvigonganisha karibu na sikio.
Ukilia *ti*, ni mkaa.
Ukilia *dwi*, ni kuni iliyovaa nguo nyeusi.

Jumamosi alikataa gunia la mtu wa Katakwi.
Mtu yule aliapa kwa mamaye, akaapa kwa wanawe,
akataka kuapa kwa pikipiki, shangazi akamnyamazisha.
Mimi nilificha kipande mfukoni mwa koti.

Jumatatu, kabla Wandera hajafika, nikasaga, nikashindilia.
Mstari ukaanza kujichora taratibu
na palepale, elfu mbili mia tisa na ishirini,
ukanyanyuka.
Si mlima. Kichuguu.
Utomvu ambao mti ulikuwa haujamaliza kuusahau.
Aliyeuchoma alifukua tanuri lake mapema:
labda mvua, labda karo ya shule,
labda alisikia gari la askari wa misitu.
Hilo mashine haisemi. Nilisubiri kidogo, kijinga,
kana kwamba karatasi ingeendelea.

Jioni nikampelekea. Akaipangusia mkono kwenye khanga kwanza,
akaishika juu chini, nikamgeuzia.
Kidole chake cheusi kikafuata mstari kama mtu anayefuata kijito,
tambarare, tambarare,
kikakwama.
"Hapa?"
Hapo.
"Basi hiyo ndiyo *dwi*," akasema.

Miaka mitatu ya chuo, shindilio la tani kumi,
na sijapata kulisikia likisomwa vizuri zaidi.
Nikataka kumweleza vifungo, mikono, ile ngoma ya ndani.
Akawa ameshaigeuza karatasi upande mweupe,
ameomba kalamu yangu,
anaandika deni la mama yake Ochwo:
kopo mbili, Jumatano, atalipa.